Zimwi Lililosikilizwa

Ukiwauliza mashabiki wa Star Trek sehemu ipi ya msimu wa kwanza inazipita zote, wengi watakutajia The City on the Edge of Forever kabla hujamaliza swali. Wana hoja. Nahodha Kirk anajikuta New York ya mwaka 1930, anampenda mwanamke mwema, kisha analazimika kumwacha agongwe na gari ili historia isiende kombo. Sehemu hiyo ilipata tuzo ya Hugo mwaka 1968. Hata hivyo, taji linaistahili zaidi The Devil in the Dark, iliyorushwa Machi 9, 1967, ambayo nyota wake ni mtu anayetambaa sakafuni chini ya vazi linalofanana na ukoko wa wali ulioungua.

NBC ya Marekani iliufungua msimu huo wa sehemu 29 Septemba 8, 1966, kwa The Man Trap. Sisi wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kuikumbuka. Kiumbe kinachofyonza chumvi miilini mwa watu kinamjia Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, kikiwa na sura ya kijana mweusi mtanashati, na kumsemesha Kiswahili. Nusura dada wa watu aponzwe na lugha tamu! Mwishowe kiumbe hicho, cha mwisho wa jamii yake, kinauawa. Kirk anasikitika kidogo, kisha safari inaendelea.

Sifa za Star Trek humwendea Gene Roddenberry, aliyeibuni. Lakini aliyeleta swali la kwa nini zimwi linaua ni Gene L. Coon, produsa aliyeingia msimu ukiwa umeshika njia. Katika Arena, ya Januari 19, 1967, aliyoiandika kutokana na hadithi fupi ya Fredric Brown, Kirk anapigana na Gorn, kiumbe mfano wa mjusi. Vazi linachekesha na ngumi zinakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Ila Kirk anapomweka adui chini, anakumbuka kwamba huenda jamii ya Gorn imewavamia binadamu kwa sababu wamejenga katika eneo lake. Anakataa kummaliza.

Wiki 7 baadaye, katika The Devil in the Dark, Coon akaifikisha hoja hiyo mahali pake. Kwenye mgodi wa sayari ya Janus VI, kitu kinachopenya mwamba kwa tindikali kimeua watu 50. Kirk anaamuru kiuawe. Spock, mwanasayansi, anatamani kisalimike. Kisha wanatengana mahandakini, na Kirk anakutana nacho uso kwa uso. Spock, akisikia hayo kwenye redio, anasahau sayansi yake yote na kumsihi rafiki yake afyatue. Kirk, bunduki mkononi, hafyatui. Kiumbe kimejeruhiwa, nacho hakimrukii. Dakika hizo chache, ambamo kila mmoja ameshika msimamo wa mwenzake, zinaeleza urafiki wao kuliko hotuba yoyote ya msimu mzima.

Baadaye Spock anaunganisha akili yake na ya kiumbe na kupata jibu. Huyo ni mama. Yale mawe ya mviringo ambayo wachimbaji wamekuwa wakiyavunja bila kujali ni mayai yake, maelfu. Daktari McCoy, akinung'unika, anaziba jeraha kwa saruji, na suluhu inayofikiwa ni ya kibiashara kabisa: watoto watachimba mahandaki, wachimbaji watachukua madini. Hakuna anayempenda mwenzake ghafla. Hapo ndipo The City, kwa uzuri wake wote, inapoachwa nyuma. Yenyewe inakuliza, hii inakulazimisha upige hesabu ya nani amemuua nani.

Somo halikudumu. Aprili 13, 1967, msimu ulifungwa kwa Operation — Annihilate!, ambamo vimelea vilivyoivamia sayari ya Deneva vinateketezwa vyote kwa mwanga wa setilaiti, na hakuna aliyeuliza vilikuwa vinataka nini.