KAZI YA SIRI SI KAZI

*Taarifa kwa wanachama wote wa tawi*



Wiki iliyopita tangazo lilipita kwenye kundi letu hili: wanatakiwa wasichana kumi, kazi za ndani Uarabuni, mshahara mnono, safari ni karibuni, fomu shilingi 150,000, "usimwambie mtu nafasi ni chache". Aliyelituma ni mwenzetu, na naamini alikuwa na nia njema. Hapo ndipo penye hatari. Mgeni akipanda Ugweno kutafuta wasichana, kijiji kizima kinamuuliza ametoka wapi. Tangazo likitumwa na mwanachama, mama anauza mbuzi bila kuuliza.

Tuliangalie tangazo lenyewe. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala wa ajira hatakiwi kumtoza mtafuta kazi. Hata kazi za Serikali zinaombwa bure kupitia Ajira Portal. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi uwe wa maandishi. Kwa hiyo maneno ya "mkataba utaukuta huko huko" yatoshe kukurudisha nyumbani.

Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walinyang'anywa pasipoti. Wapo waliofanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Hao nao waliahidiwa mshahara mnono.

Lakini ndugu zangu, tusiishie kuwanyooshea kidole watu wa mbali. Mabinti wa milima hii wako majumbani Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na baadhi ya waajiri wao ni sisi au ndugu zetu. Simu inachukuliwa "asipotoshwe". Mshahara "anatunziwa" mpaka mwaka unaisha. Sahani ikivunjika, anakatwa. Sheria inasema mwajiri hakati hasara bila kueleza kwa maandishi na kumpa mfanyakazi nafasi ya kujitetea, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri. Kila mmoja ajipime kabla hatujapaza sauti kwenye mkutano.

Wapo watakaosema: Katibu, vijana wakae wale nini? Kihamba kimegawanywa hadi kimebaki ukanda. Ni kweli, na sisemi wasiende. Watu wa Upare wametafuta kazi mbali tangu enzi za mkonge. Nasema waende kwa mlango wa mbele, mchana, na karatasi mkononi.

Wazee wetu mwaka 1945 walipochoshwa na kodi ya mbiru, hawakunung'unika kila mtu jikoni kwake. Walishuka Same kwa maelfu, wakakaa pale bila silaha wakidai ifutwe, na mwishowe ilifutwa. Anayedhulumiwa peke yake chumbani hana nguvu hiyo. Sisi ndio wa kumpa.

Napendekeza tupitishe haya:

1. Tangazo la kazi lisitumwe kundini kabla kamati haijaona jina la kampuni, usajili wa wakala na mkataba. Tukiwa na shaka tumuulize Afisa Kazi.

2. Anayeondoka aache kwa familia nakala ya mkataba, ya pasipoti au kitambulisho, pamoja na namba na makazi ya mwajiri. Wakubaliane neno moja ambalo akilitamka kwenye simu, nyumbani watajua amekwama.

3. Aliyeachishwa kazi kwa uonevu ana siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Madai mengine ni siku 60. Tawi lichangie nauli ya kwenda Moshi, maana wengi huchelewa kwa kukosa nauli tu. Mtoto akiteswa, pigeni 116. Namba ya tapeli itumeni 15040.

4. Mwanachama mwenye mfanyakazi wa ndani amwandikie makubaliano na amlipe mkononi kila mwezi.

Na yule mwenzetu asisemwe vibaya. Nimeshaongea naye, tangazo amelifuta. Kama kuna binti aliyekwisha toa hela ya fomu, aje kwangu, hata usiku. Hatagombezwa.

Nawasilisha kwa majadiliano.

*Katibu wa Tawi*