Picha Zinazosema Kiswahili

Sisi wa Igowole tunapenda sinema, wala hatuoni haya kusema hivyo. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973. Tanzania Bara ikangoja hadi 1994. Kwa hiyo wengi wetu tulizijua picha za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani kwenye vibanda vya video.

Kilichotuvuta hasa ni sauti ya mtafsiri, kama yule anayejulikana kwa jina la Lufufu. Mama asiyejua Kiingereza alicheka pamoja na wanawe. Hilo tunalisifu.

Lakini Kiswahili hicho hicho humfikia na mtoto. Matusi na mapenzi ambayo asingeyaelewa, sasa anaelezwa waziwazi, tena kwa utani wa kuongezea. Na leo picha hizo zimo hata kwenye simu.

Je, tumkataze? Akikatazwa nyumbani, atakwenda kuchungulia kibandani. Maoni yetu ni haya: jioni, tukitoka kuchuma chai, tukae naye tutazame pamoja. Picha ikiisha tumwulize, “Yule shujaa alikosea wapi?” Mtafsiri ameshasema yake, mama naye aseme.