Maumivu ya mkono yanapoanzia shingoni



Mama anaangusha kikombe cha chai, watoto wanacheka, naye anacheka pamoja nao. Siku chache baadaye anashindwa kufunga vifungo vya kanzu ya mjukuu anayekwenda madrasa. Anasema ni uzee. Kisha anaanza kushika ukuta anapokwenda kutawadha. Hapo mmoja anauliza kama si husda au jini, na mwingine anamleta mchuaji. Katika nyumba zetu mambo huenda hivyo mara nyingi, ilhali huenda chanzo kiko mahali ambapo hakuna aliyepaangalia: shingoni.

Shingo ya mwanadamu ina pingili 7. Baina ya pingili na pingili, isipokuwa kati ya ile ya kwanza na ya pili, Allah (s.w.) ameweka diski, mfano wa mto mdogo: nje ukuta mgumu wa nyuzinyuzi, ndani ute mzito. Kadiri umri unavyosonga, diski hupungukiwa na maji, ikawa nyembamba na ukuta wake ukapata nyufa. Pengine ute hujipenyeza nje, ukaugandamiza mshipa wa fahamu uendao mkononi. Ndiyo maana maumivu huweza kushuka begani hadi vidoleni, na shingo yenyewe isiume sana. Hata ganzi humpa daktari fununu: ikiwa kwenye gumba na kidole cha shahada, mara nyingi huwa ni mshipa wa sita wa shingo; kidole cha kati, wa saba; kidole cha mwisho, wa nane.

Habari njema ni kwamba wengi wa wagonjwa wa namna hii hupata nafuu bila ya kupasuliwa, katika muda wa wiki kadhaa au miezi michache. Husaidiwa na dawa za maumivu kwa ushauri wa daktari, mazoezi chini ya mtaalamu wa viungo, mto unaoiweka shingo sawa na mgongo, na kuacha kwa muda kubeba ndoo kichwani na kuinamia simu saa nyingi.

Lakini ya mama yule si hayo. Diski inaweza kugandamiza uti wenyewe wa fahamu upitao katikati ya pingili. Hapo mikono huwa mizito katika kazi ndogondogo, miguu hukakamaa na kuyumba, na mwisho haja ndogo huwa shida kuizuia. Hali hii aghalabu huja polepole, pengine bila maumivu makubwa, na ndipo watu hudanganyika. Aonapo dalili hizi, mtu afike hospitali upesi, kwani upasuaji mara nyingi huzuia madhara yasiendelee kuliko kurejesha kilichokwisha kupotea. Mgonjwa huyu asinyongwe shingo, si na kinyozi wala na mchuaji.

Vilevile tusichelewe pale maumivu ya shingo yanapofuata ajali au kuanguka, au yanapoambatana na homa au kukonda. Na maumivu ya mkono yakija pamoja na kubanwa kifua, yachukuliwe kuwa ni ya moyo mpaka daktari aseme vingine.

Kumsomea mgonjwa ruqya ni jambo jema, wala haligongani na tiba; Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Na wazee wetu wasijitese katika swala. Imran bin Huswain (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa, kwa kukaa, akishindwa, kwa ubavu. Asiyeweza kusujudu ataashiria, na sijda yake aifanye chini zaidi kuliko rukuu. Wakati wa salamu atageuza shingo kwa kadiri awezavyo.

Basi jioni ya leo, baada ya Maghrib, tukae na wazazi wetu. Tuwaombe wafunge vifungo, watembee hatua chache mbele yetu, na tuwaulize kuhusu ganzi. Wazee wengi husubiri kuulizwa, kwa kuchelea kuwa mzigo kwa watoto wao.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.