Wasanifu wachote mawazo Mji Mkongwe

Vyumba vingi vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni vyembamba kwa sababu ya boriti. Miti hiyo ya mikoko, inayobeba dari, hufika takriban mita 3 tu, na upana wa chumba ukaufuata mti.

Mapambo yalisafiri zaidi. Sultani Barghash aliwahi kuishi uhamishoni Bombay, kisha akajenga jumba la Beit al-Ajaib, 1883, lililokuwa na nguzo za chuma na roshani pana zilizozunguka jengo zima. Mafundi wa Kihindi nao walileta milango ya tao.

Inasikitisha, basi, kuona maghorofa mapya ya Dar es Salaam yakivikwa vioo tupu juani, viyoyozi vikinguruma kutwa. Kuta nene za matumbawe, baraza na ua wa ndani, vinavyopunguza joto, vipo karibu, ng'ambo ya bahari. Shule na hospitali mpya za pwani zianze kuchorwa kwa kuvitazama hivyo.