Fyuzi Sio Pambo, Buda

Tusidanganyane. Kuna wasee hapa Nairobi wako na Beetle za miaka ya sabini zinang'aa kuliko siku zilipotoka kiwandani. Rangi mpya, rimu mpya, spika za kuamsha mtaa mzima. Lakini waya za chini ya dashibodi ni zile zile za enzi za babu, mpira umekauka hadi unapukutika ukiugusa. Gari likishika moto, ati ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani?

Anko wangu ana Beetle. Mwaka jana fyuzi moja ilikuwa inaungua kila wiki. Fundi akatoa karatasi ya fedha kwa pakiti ya sigara, akaizungushia hiyo fyuzi. "Sasa haitakusumbua." Na kweli haikusumbua. Siku tatu baadaye tuko kwa jam, moshi ukaanza kutoka kwa dashibodi. Niling'oa kiti cha nyuma, nikafungua betri na spana mikono ikitetemeka.

Sikiza. Fyuzi ikiungua, imefanya kazi yake. Inakwambia kuna waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Kazi yake kubwa si kulinda redio, ni kulinda waya. Beetle za zamani hutumia fyuzi za ampea 8 na 16. Ukiweka 16 mahali pa 8, au ukifunga karatasi, kitu cha kwanza kuungua sasa ni waya wenyewe. Na usidharau volti 12. Hazitakurusha, lakini betri ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea.

Halafu kuna nyinyi wa "sitaki kuharibu original." Original hiyo hiyo iliacha waya wa kuchaji kutoka dainamo bila fyuzi. Original hiyo hiyo iliweka betri chini ya kiti cha nyuma. Kama kifuniko cha betri kilipotea, abiria mzito akikaa, springi za kiti zinagusa teminali na kiti kinawaka akiwa amekikalia.

Dawa si ngumu. Rudisha kifuniko cha betri. Waya ukipita kwa tundu la bati, uvishe mpira. Redio na spika zipate waya zao na fyuzi yao, karibu na betri, si kule mbele kwa redio. Waya mnene wa starter hauwekwi fyuzi, kwa hivyo funga swichi ya kukata betri na uizime ukipaki. Mtungi wa kuzima moto pia beba, lakini huo ni wa wakati umeshachelewa.

Fyuzi ni bei ya chini kuliko soda. Kama una doo ya rimu na huna ya fyuzi, wewe hupendi magari ya zamani. Unapenda picha tu.

Leo jioni inua kile kiti cha nyuma, uangalie umekalia nini.