Mlango wa Klabu Ufunguliwe kwa Watoto

Kila mwaka, majira ya baridi yanapokaribia katika nchi za Uskoti na Kanada, klabu nyingi za mchezo wa kalingi hutenga siku ya kuwakaribisha watoto na vijana wa mahali hapo. Mtoto hatakiwi kuleta kitu kikubwa ila viatu safi, nguo za joto na kofia ya kukinga kichwa. Mawe, fagio na mwalimu ni juu ya klabu. Jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini uhai wa mchezo wenyewe umo ndani yake, na kila mwenye dhamana ya kulea vijana yafaa alitazame kwa makini.

Kalingi ni mchezo wa timu mbili za watu wanne wanne. Kila mchezaji, kwa zamu, hutelezesha mawe mawili ya granaiti juu ya barafu kuelekea kwenye duara lililo umbali wa mita 38 hivi. Jiwe haliendi moja kwa moja, bali hupinda njiani. Wenzake wawili hulitangulia wakisugua barafu kwa fagio, ili liteleze kwa wepesi na kufika mbali zaidi, na nahodha husimama kwenye duara akielekeza. Timu ambayo jiwe lake limekaa karibu zaidi na kitovu ndiyo inayopata pointi.

Asili ya mchezo huu ni Uskoti. Hati ya mwaka 1541 kutoka mji wa Paisley yataja mashindano ya kurusha mawe juu ya barafu. Wahamiaji wa Kiskoti waliuchukua hadi Kanada, na mwaka 1807 klabu ikaanzishwa Montreal. Mwaka 1838 klabu za Uskoti ziliungana mjini Edinburgh ili ziwe na kanuni moja. Katika miaka hiyo yote uwanja ulikuwa ziwa au bwawa lililoganda. Mkulima, fundi na mwenye shamba walikutana hapo, na mtoto aliyesimama ukingoni alijifunza kwa kutazama.

Hali hiyo imekwisha. Mashindano makubwa ya Waskoti ya nje, yaliyoanza mwaka 1847, yalichezwa kwa mara ya mwisho juu ya Ziwa la Menteith mwezi Februari 1979. Tangu hapo hayajachezwa tena. Kalingi imehamia ndani ya majengo, ambako barafu hugandishwa kwa mitambo na kutunzwa kwa gharama kubwa ya umeme.

Hapo ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Ziwa halikuwa na mlango. Jengo lina mlango, lina ufunguo, lina ada na lina ratiba. Mtoto ambaye baba yake si mwanachama aweza kupita mbele ya jengo hilo miaka yote ya utoto wake asijue kinachofanyika ndani. Kwa hiyo kuwaalika watoto si hisani ya klabu. Ni kuwarudishia nafasi ambayo zamani walikuwa nayo bila kuomba.

Wapo wasemao kwamba watoto hupiga kelele, huharibu barafu, na hutumia saa ambazo wanachama wazima wamezilipia. Hoja hii haina nguvu. Klabu iliyojaa wazee peke yao yaweza kuwa tulivu sana, lakini utulivu huo ni wa nyumba inayosubiri kufungwa. Klabu isiyopata wanachama wapya haina wa kugawana naye gharama za mitambo. Wale wanaowanyima watoto saa moja ya Jumamosi watakuja kujikuta hawana hata saa moja ya kucheza wao wenyewe.

Hata hivyo, kufungua mlango peke yake hakutoshi. Jiwe la mtu mzima laweza kufikia karibu kilo 20, na kumpa mtoto wa miaka minane jiwe hilo ni kumfukuza kwa heshima. Klabu zenye busara huweka mawe madogo ya kilo 11 hivi. Mtoto hufundishwa kwanza kutembea juu ya barafu na kuanguka bila kuumia, kisha kujisukuma kutoka kwenye kikanyagio cha mpira, ndipo apewe jiwe. Kadhalika, hapana budi watu wazima wanaowafundisha wawe wa kuaminika. Sheria ya Uskoti yataka mtu anayefanya kazi ya kuwalea au kuwafundisha watoto achunguzwe kwanza, na klabu isilione sharti hilo kuwa usumbufu.

Je, mtoto anapata nini? Kwanza anajifunza kushirikiana kwa vitendo. Hakuna mchezaji mmoja anayeweza kukaa na jiwe peke yake. Aliye hodari ana mawe mawili, na asiye hodari ana mawili pia. Akisha kuliachia, jiwe limo mikononi mwa wenzake wenye fagio.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, anajifunza uaminifu. Katika michezo ya kawaida ya klabu hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi. Mchezaji akiligusa kwa mguu au ufagio jiwe la timu yake linapotembea, anapaswa kusema mwenyewe, hata kama hakuna aliyemwona na hata kama kusema huko kutawafanya washindwe. Kanuni za mchezo zinahesabu kushindwa kwa haki kuwa bora kuliko kushinda kwa hila. Timu hupeana mikono kabla na baada ya mchezo, kisha kwa desturi huketi pamoja. Mtoto wa miaka kumi aliyewahi kuinua mkono na kusema, "Nimeligusa," amepata somo ambalo ofisi nyingi zinalihitaji kuliko vikombe vya fedha. Udongo uwahi ungali maji.

Ndiyo maana yafaa klabu zijihadhari na pupa ya kutafuta mabingwa. Ni kweli kwamba mabingwa hutoka huko huko. Sandra Schmirler, aliyekulia katika mji mdogo wa Biggar, jimbo la Saskatchewan, aliiongoza timu ya Kanada kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1998 huko Nagano. Lakini kwa kila Schmirler mmoja wako maelfu ambao hawatavaa medali, na klabu ni yao pia. Mtoto asiye na kipawa akiambiwa kwamba hana nafasi, mlango umefungwa tena kwa ndani.

Walimu nao wana sehemu yao. Nchini Kanada mchezo hupelekwa shuleni kwa mawe ya plastiki yenye magurudumu madogo, na hutandazwa juu ya sakafu ya kawaida. Kwa njia hiyo mtoto huanza bila barafu, na klabu humpokea akiwa na hamu tayari. Ukosefu wa barafu haukuizuia Nigeria kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya mchezo huu mwaka 2019, wala haukuizuia Kenya, iliyo kwenye ikweta, kupeleka wachezaji wake Kanada mwaka 2023.

Funzo hili linavuka mipaka ya barafu. Kila mahali ambapo uwanja wa wazi umegeuka kuwa uwanja wenye ukuta, swali ni lile lile: nani ameshika ufunguo, na mtoto wa jirani ataingiaje? Viongozi wa klabu watenge saa nzuri kwa watoto, si zile zilizobaki baada ya wakubwa kutosheka. Walimu wawapeleke wanafunzi wao. Wazazi wasingoje mpaka kipawa kionekane. Mchezo ulioishi kwa zaidi ya karne nne juu ya maziwa usije ukafa ndani ya nyumba kwa sababu ya kukosa mtu wa kufungua mlango.