Uchambuzi: Video inapokwama, nani ana kipimo cha kweli?

Unapotazama video kwenye simu, programu inayoicheza hutuma taarifa kwa kampuni iliyoirusha: picha imechukua muda gani kuanza, imekwama mara ngapi, mtandao una kasi gani. Kazi hiyo inaitwa telemetria. Kwa miaka mingi, makampuni mengi yalijiandikia kodi zao wenyewe kwa ajili ya kazi hiyo.

Shida iko hapo. Mmoja akihesabu muda tangu mtazamaji abonyeze kitufe, na mwingine tangu picha ya kwanza ionekane, takwimu zao haziwezi kulinganishwa. Mwenye video anamlaumu mwenye mtandao, naye anamrudishia lawama. Na mhandisi aliyeandika kodi akiondoka, wanaobaki wanahangaika kuirekebisha.

Mwaka 2020, chama cha makampuni ya vifaa vya elektroniki cha Marekani, CTA, kilitoa kanuni ya pamoja inayoitwa CMCD. Leo imo tayari ndani ya programu huria kama hls.js, dash.js na Shaka Player. Mhandisi anaiwasha tu. Kila programu inapoomba kipande kingine cha video, inaambatanisha alama fupi: "bl" ni akiba ya video iliyobaki kwenye simu, "mtp" ni kasi ya mtandao iliyopimwa, "bs" ni kwamba akiba iliisha na video ikakwama.

Kwa mtu wa Goma au Bukavu anayenunua mega kidogo kidogo, hiyo ina maana. Taarifa inasafiri na ombi ambalo lingetumwa hata hivyo, na seva inaweza kuona kwamba akiba ya simu fulani inakaribia kuisha.

Lakini kuhama kunahitaji uangalifu. Namna ya kuhesabu ikibadilika, takwimu zinaweza kupanda au kushuka ghafla wakati kwa mtazamaji hakuna kilichobadilika. Ni vizuri kodi ya zamani na mpya zifanye kazi pamoja kwa muda, matokeo yalinganishwe, ndipo ya zamani ifutwe.

Pia, CMCD inaruhusu kutuma namba ya kikao na ya video inayotazamwa. Kanuni ya pamoja inasema taarifa iandikwe vipi. Haisemi kama ilifaa kukusanywa. Nchini Congo, Sheria ya Mambo ya Kidijitali ya Machi 13, 2023 inalinda data za watu binafsi. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha alama yoyote, kampuni ijiulize: inamsaidia nani?